Kupima eneo la majani bila kuchuma jani

Eneo la majani ni ukubwa wa uso wa jani, au wa majani yote ya mmea mmoja, kwa kuhesabu upande mmoja tu. Hutajwa kwa sentimita za mraba. Uso huo ndio unaonasa mwanga wa jua ili mmea ujitengenezee chakula, na humo humo ndimo maji mengi ya mmea yanamotokea kwenda hewani. Kwa hivyo anayetaka kujua kwa nini mahindi ya konde moja la Kakuyuni, huku Malindi, yamenawiri na ya jirani yamedumaa, ilhali mbegu ni ile ile na mvua ni ile ile, aanze kwenye majani kabla hajafika kwenye gunzi.

Njia kongwe ya kulipima eneo hilo ni kuyachuma majani yote, kuyachora kwenye karatasi au kuyapitisha kwenye mashine. Jibu lake ni sahihi, lakini mmea umekwisha. Wiki ijayo utalazimika kupima mmea mwingine, na hapo hujui tena kama tofauti unayoiona imeletwa na ukuaji, au ni kwa sababu tu huu si ule. Tena mashamba yetu mengi ya Malindi si makubwa kiasi cha kutoa mashina ya kung'olewa kila wiki. Kunde na muhogo ndio kabisa: jani lenyewe ni mboga ya nyumbani.

Njia isiyoharibu ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Pima urefu wa jani, pima upana wake mahali palipo papana zaidi, zidisha viwili hivyo, kisha zidisha tena kwa namba moja ya kusahihisha. Kwa mahindi namba hiyo ni 0.75, nayo inatumika tangu mwaka 1911, ilipotolewa na E. G. Montgomery, mtafiti wa mahindi huko Nebraska, Marekani. Maana yake ni hii: ukichora mstatili unaolizunguka jani la mhindi, jani hujaza takriban robo tatu, na robo inayobaki ni pembe tupu upande wa ncha na upande wa chini. Jani la umbo la pembetatu lingejaza nusu tu. Jani la mgomba, ambalo hushika upana wake kwa urefu mrefu, hujaza karibu 0.8. Umbo ndilo linaloamua namba.

Tuseme jani la mhindi lina urefu wa sentimita 80 na upana wa sentimita 9. Hiyo ni 720, mara 0.75, sawa na sentimita za mraba 540. Tepu ya fundi cherehani inatosha. Cha kushikilia ni pa kuanzia na pa kuishia: urefu huanzia pale jani linapoachana na ala inayolikumbatia bua, si kwenye bua lenyewe, na huishia nchani. Kingo za jani la mhindi zina mawimbi, kwa hivyo lilaze kwenye kiganja bila kulivuta. Pima asubuhi. Jua likishakuwa kali na udongo ukiwa mkavu, jani hujikunja, na utaandika upana mdogo kuliko ulio wa kweli. Jani change ambalo bado limejikunja ndani ya majani ya juu lipime sehemu iliyojitokeza tu, na utumie 0.5, maana sehemu hiyo bado ina sura ya pembetatu. Jani la mgomba lililochanwa na upepo wa kusi halijapoteza eneo. Lipange vipande vyake pamoja na ulipime kama zima.

Namba ya kitabuni ni ya kuanzia tu. Mbegu hutofautiana, na majani ya mimea mingine hayana namba moja inayokubalika kila mahali. Hapa naomba mkulima au mwanafunzi asione uvivu: chuma majani kama 30, makubwa kwa madogo, kutoka mistari ya pembeni ambayo huifuatilii. Pima urefu na upana wa kila moja, kisha lichore kwenye karatasi ya miraba ya sentimita moja. Hesabu miraba iliyojaa pamoja na ile iliyofunikwa nusu au zaidi. Iliyofunikwa chini ya nusu iache. Mwenye simu anaweza kulilaza jani kando ya kipande cha karatasi chenye ukubwa unaojulikana, alipige picha kamera ikiwa juu yake wima, halafu programu ya bure kama ImageJ imhesabie. Zidisha urefu kwa upana wa kila jani na ujumlishe majibu hayo; kisha jumlisha maeneo halisi yote, na uyagawe kwa jumla ile ya kwanza. Umepata namba ya shamba lako, na kuanzia hapo huchumi tena.

Muhogo una vidole, na mstatili hauufai. Pima urefu na upana wa kidole cha kati, hesabu vidole, kisha tafuta namba yake kwa njia ile ile. Jani la kunde lina vijani vitatu. Pima cha kati peke yake, kwa sababu viwili vya kando vimeegemea upande mmoja, lakini namba uitafute kwa eneo la vyote vitatu pamoja.

Ukishajua eneo la mmea mzima, ligawe kwa eneo la ardhi ambayo mmea huo umepewa. Jibu linaitwa kielezo cha eneo la majani, dhana iliyowekwa na D. J. Watson wa Uingereza mwaka 1947. Mhindi wenye majani kumi ya kijani yenye jumla ya sentimita za mraba 4,200 una mita za mraba 0.42. Kama umepandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, ardhi yake ni mita za mraba 0.225, na kielezo ni karibu 1.9. Kwa mahindi, kiasi hicho bado huacha takriban theluthi ya mwanga ifike chini, na magugu huitumia vizuri sana. Kielezo kikifika 4, kinachofika chini ni kama sehemu moja ya kumi.

Hesabu hizi zote huharibiwa na jambo moja kuliko tepu mbovu: kuchagua mimea kwa macho. Jicho hupenda mmea mzuri. Amua kabla hujaingia shambani, kwa mfano kila shina la ishirini mstarini, lifunge utepe, na ulipime hilo hilo hadi mwisho hata likidumaa. Viwavijeshi wakitoboa jani, pima urefu na upana kana kwamba ni zima, kisha kadiria sehemu iliyoliwa na uiandike kando. Ukizichanganya namba hizo mbili hutajua tena kama mmea haukukua au uliliwa.

Zipo picha za setilaiti zinazokadiria majani bila mtu kugusa chochote. Kwa mashamba makubwa ya zao moja zinafaa. Kwa konde la pwani lenye minazi juu, mikorosho katikati na mahindi na kunde chini, siziamini sana: kila nukta ya picha za setilaiti za Sentinel-2 ina upana wa mita 10, na ndani yake kuti la mnazi na jani la kunde huwa kijani kimoja. Hapo tepu bado inashinda. Mwenye kunde achume mboga yake kama kawaida, ila apime mashina yale yenye utepe kabla ya kuchuma na baada ya kuchuma, aandike tarehe, na wakati wa kuvuna alinganishe punje na kiasi cha majani alichoacha shinani.