Nani Anamsikiliza Katekista?

Katekista, yaani mwalimu wa dini anayeongoza ibada, wa kigango kimoja (kanisa dogo chini ya parokia) kati ya Masasi na Ndanda, mkoani Mtwara, alifika kliniki kwetu kwa baiskeli Jumatatu asubuhi, akasalimu "Tumsifu Yesu Kristo", akaketi, kisha akasema amekuja kumuulizia muumini wake ambaye halali usiku na ameacha kwenda shambani katikati ya msimu wa korosho. (Mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha.) Aliyaeleza maradhi ya muumini huyo kwa ufasaha ambao kwa kawaida mtu huwa nao kwa maradhi yake mwenyewe: kuamka saa tisa usiku, ugali kukosa ladha, ibada kumalizika bila kukumbuka alichohubiri. Hapo alijikwaa, kwa sababu muumini wa kawaida hahubiri.

Hali aliyoieleza inaitwa sonona. Huzuni au kukosa raha ya mambo yote, karibu siku nzima na karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na kuvurugika kwa usingizi, hamu ya kula, nguvu na umakini, ni ugonjwa unaotibika, wala si ishara kwamba imani ya mtu imepungua. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili, kwa hiyo kigango chenye waumini mia moja kisidhani kwamba jambo hili liko kwa jirani.

Kiongozi wa kanisa ana mzigo wake wa pekee. Yeye huitwa panapotokea msiba, ndoa inapoyumba, fedha za korosho zinapochelewa na baba wa familia anapoanza kunywa; anabeba siri za kijiji kizima na hana pa kuzitua, kwa kuwa wale ambao angewaeleza ndio wanaomtegemea. Mchungaji anayeishi katika nyumba ya kanisa ana hofu nyingine isiyosemwa, kwamba akijulikana anaumwa, familia yake itakosa pa kulala. Viongozi wanaochelewa kuomba msaada napenda kuwakumbusha Hesabu sura ya 11, ambapo Musa alielemewa na watu wake hadi akamwomba Mungu amuue. Hakukemewa kwa kukosa imani. Aliagizwa akusanye wazee 70 wabebe mzigo pamoja naye. Naona ni agizo la kiutawala kuliko la faraja, na halmashauri za walei na mabaraza ya wazee wangefaa kulisoma hivyo.

Kwa upande wa waumini, kosa ninaloliona mara nyingi ni la nia njema: jina la mgonjwa kutajwa mbele ya kusanyiko katika maombi, "ndugu yetu anayesumbuliwa na akili", na kufikia jioni mtaa mzima unajua. Aliyekueleza jambo faraghani hajakuruhusu kulitangaza, hata kama unalitangaza kwa Mungu. Siri huvunjwa pale tu maisha ya mtu au usalama wa mtoto uko hatarini, na hapo pia huambiwa wale tu wanaoweza kusaidia. Kosa la pili ni kumwambia mgonjwa aache vidonge kwa sababu ameshaombewa. Dawa za sonona kwa kawaida huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana, na kuziacha ghafla kunaweza kumrudisha mgonjwa alikotoka. Aombewe, na vidonge ameze. Katika ukanda huu sala na tiba hazijawahi kuwa maadui. Misheni ya Ndanda ilianza mwaka 1906, na hospitali imekua kando ya abasia, yaani monasteri ya watawa.

Mtu akisema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Usimwache peke yake, hamisha viuatilifu vya mikorosho kutoka ndani ya nyumba na uvifungie mahali asipofika, kisha mpeleke siku hiyohiyo kwenye kituo cha afya kilicho karibu, ambako anaweza kupewa rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya au hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi. Mshauri wa kanisa hubaki na kazi yake ya kusikiliza na kusindikiza. Kutambua ugonjwa na kuchagua dawa kunahitaji mtu aliyesomea.

Katekista wetu alirudi mara ya nne akiwa na mkewe. Kwa ridhaa yake paroko aliarifiwa, na kwa wiki 6 mazishi yote ya kigango yaliongozwa na mwenzake kutoka kigango cha pili, bila tangazo lolote kanisani.