Havruta ni nini? Sio tu "rafiki wa kusoma naye"

Ukianza kusoma mambo ya dini ya Kiyahudi hili neno havruta utakutana nalo mapema sana, alafu ukitafuta maana yake unaambiwa "rafiki wa kusoma naye" na imeishia hapo. Mimi naona hiyo tafsiri inalipunja hili neno. Rafiki wa kusoma naye karibu kila mtu anaye, lakini havruta inawezekana kabisa hujawahi kuwa naye hata siku moja.

Neno lenyewe ni la Kiaramu, lugha ambayo sehemu kubwa ya Talmudi (ule mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi wa zamani) imeandikwa, na mzizi wake ni mmoja na haver, yani rafiki au mwenzi kwa Kiebrania. Kwa hiyo kiasili ni uswahiba. Wengine wanaliandika chavruta, sasa usije ukalitamka na ch ya chakula, ile ni kh ya kooni kama watu wa pwani wanavyosema kheri. Kwenye matumizi linabeba vitu vitatu kwa pamoja: yule mwenzako ("huyu ni havruta wangu"), nyinyi wawili kama jozi, na kile kikao chenyewe ("leo jioni nina havruta"). Ukikuta sentensi inakuchanganya angalia tu kati ya hivyo vitatu kinachoongelewa ni kipi.

Sasa wanafanya nini. Kwenye yeshiva, yani chuo cha kusomea Tora (Taurati) na Talmudi, kuna ukumbi mkubwa na watu wamekaa wawiliwawili, kitabu katikati, na aliyezoea maktaba zetu za "kimya tafadhali" akiingia mle atashangaa maana ni kelele mwanzo mwisho. Mmoja anasoma mstari kwa sauti, anautafsiri, anaueleza alivyouelewa. Mwenzake kazi yake sio kuitikia. Kazi yake ni kuuliza umetoa wapi hiyo, mbona mstari wa juu unasema tofauti, na kama ni hivyo yule mwingine alipinga nini sasa? Wakikwama wanaangalia pembeni ya ukurasa kwenye maelezo ya Rashi, mwanazuoni wa Ufaransa aliyefariki 1105, na hapo napo wanaweza kubishana Rashi mwenyewe alimaanisha nini. Kumsikiliza mwalimu mara nyingi kunakuja baada ya hapo, yani unaenda darasani ukiwa umeshapigana na hiyo ukurasa tayari, na kwangu hii ndo sehemu nzuri kuliko zote kwenye huu utaratibu.

Watu wa huku wanaweza kusema ah, si ni diskasheni tu ya chuo. Hapana. Diskasheni mnakaa watu sita, wawili wanaongea wanne wanaandika, na mnachowinda ni majibu ya pepa. Havruta mko wawili, ukinyamaza kazi imesimama, hakuna wa kujificha nyuma yake.

Na hili la kutosoma peke yako wamelichukulia kwa uzito kweli. Talmudi inawasema vikali wasomi wanaojifungia kila mtu kivyake, inasema wanaishia kuwa wajinga, na inautumia ule mstari wa Mithali wa chuma kunoa chuma kueleza jinsi wasomi wawili wanavyonoana. Kwenye kitabu cha Taanit, ambacho ni sehemu ya hiyo Talmudi, kuna kisa cha msomi anaitwa Honi aliyelala miaka 70, akaamka akaenda kwenye nyumba ya kusomea akakuta bado wanamtaja kwa sifa, akawaambia mimi ndo Honi, hawakumwamini wala hawakumpa heshima yake, akaumia mno akaomba rehema akafa. Rava, mmoja wa marabi wa Talmudi, akasema hapo ndo watu wanasema ni ama havruta ama kifo.

Ila kisa kinachonigusa zaidi ni cha Rabi Yohanan na Resh Lakish, wa Galilaya karne ya 3. Resh Lakish alikuwa jambazi, Yohanan akamvuta kwenye Tora, akamuoza dada yake, wakawa wanasoma pamoja mpaka naye akawa mwanazuoni mkubwa. Siku moja wakabishana kuhusu visu na panga, kwamba kinahesabika lini kimekamilika kutengenezwa, Yohanan akasema kikitoka kwenye tanuru, mwenzake akasema mpaka kipozwe kwenye maji. Yohanan akamwambia jambazi anajua mambo ya ujambazi wake. Yani aliacha hoja akampiga mtu. Resh Lakish akaugua akafa.

Wakamletea Yohanan msomi mwingine, Elazar ben Pedat, mkali kweli, ambaye kila alichosema Yohanan alijibu kuna mafundisho yanayokuunga mkono. Yohanan akamwambia wewe ndo utakuwa kama mwana wa Lakish (yani Resh Lakish)? Yeye nikisema jambo alikuwa ananipinga mara 24, nami namjibu mara 24, ndo jambo linapanuka, wewe unaniambia niko sahihi, kwani mimi sijui kama nasema vizuri? Akatoka anachana nguo zake, analia uko wapi mwana wa Lakish, mpaka akili ikamtoka.

Ndo maana nasema "rafiki" peke yake haitoshi, maana Elazar alikuja kwa wema kabisa na bado hakuwa havruta.

Siku hizi neno limetoka nje ya yeshiva. Wanawake wanasoma kwa havruta, watu wanafanya kwa simu na kwa Zoom mmoja yuko Israeli mwingine Marekani, na kuna Waisraeli wasioshika dini wanalitumia kwa kusoma chochote kile wawiliwawili, hata mashairi. Kwa Kiswahili mimi naliacha hivohivo havruta, nikilazimika kulifafanua nasema mwenzi wa kusoma na kupingana.