Chuo cha Kiungani: nani waliandikishwa, nani waliongoza

Ukitaja chuo cha karne ya 19, wengi huwaza mzazi anayemshika mwanawe mkono hadi mlangoni. Kiungani, chuo cha Mtakatifu Andrea cha misheni ya Kianglikana ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa), nje kidogo ya mji wa Unguja, hakikujazwa hivyo.

Dhana: wanafunzi waliletwa na wazazi wao.
Wa kwanza walikuwa wavulana watano, na hawakuulizwa. Mwaka 1864 Sultani Majid wa Zanzibar alimkabidhi Tozer, askofu wa misheni hiyo, watoto waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Tangu hapo orodha ya wanafunzi ilirefushwa na manowari za Waingereza. Jahazi likikamatwa baharini, watoto walifikishwa kwa balozi wa Uingereza, naye akawagawa: hawa kwa Waanglikana, wale kwa mapadri Wakatoliki. Mtoto aliyenyang'anywa kwao hakuwa na mzazi wa kumwandikisha popote. Vijana waliotumwa kutoka vituo vya bara, kama Magila na Masasi, walikuja baadaye.

Dhana: walikuwa Waswahili wa Unguja.
Wengi walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua. Kiswahili walijifunzia kisiwani. Na bado ni hapo Kiungani ambapo gazeti la Kiswahili la Msimulizi lilianza kuchapwa mwaka 1888. Ukitaka kujua lugha hii ilivyopata wenyewe wapya, anzia hapo.

Dhana: kila aliyesoma Kiungani alitoka padri.
La. Wengi walikwenda kufundisha kwenye vituo vya misheni, wengine wakashika ufundi. (Wasichana walikuwa na shule yao Mbweni.)

Dhana: Waafrika hawakupewa uongozi wowote.
Hapa jibu lina sehemu mbili, na wanaobishana huwa wameshika moja tu. Chuoni kwenyewe, ukuu ulibaki kwa Waingereza karne yote. Kanisani mambo yalikwenda vingine, ingawa polepole mno kwa maoni yangu. John Swedi, mmoja wa wale watano wa Sultani, alifanywa shemasi mdogo mwaka 1870, kisha akangoja hadi 1879 kuwa shemasi kamili. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, alisoma Kiungani, akapelekwa Canterbury, Uingereza, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika misheni hiyo.

Wala hakuwekwa pembeni ya Mzungu abebe vitabu. Alikuwa kiongozi wa kituo cha Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, miongoni mwa Wayao wenzake. Wakati huohuo, kule Kiungani alikosomea, kiti cha mkuu wa chuo kilikuwa bado cha Mwingereza.