Ukitaka Kumficha Mtu Kitu, Usikipeleke Maktaba

Nikitaja maktaba mbele za watu, haipiti muda kabla mmoja hajaleta ule msemo: ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke kwenye kitabu. Wengine hucheka. Mimi huniuma, maana nimekulia kwenye viti vya mbao vya maktaba ya mkoa, na niliyoyaona kule hayafanani kabisa na maneno hayo. Yako na mengine ya aina hiyo yanazunguka mitaani. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi.

"Sisi hatuna utamaduni wa kusoma"

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo lisilo na msingi kuliko yote.

Mnamo mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa mtawala wa Siyu, mji wa kisiwa cha Pate, alimtungia binti yake utenzi wa wasia. Alikuwa mgonjwa, akaona amwachie mwanawe maneno. Hapakuwa na kiwanda cha uchapaji wala duka la vitabu. Watu wa pwani waliunakili kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, wakausoma kwa sauti na kuukariri, hadi leo tunao. Watu wasiopenda maandishi hawajisumbui namna hiyo.

Tuje karibu zaidi. Mwaka 1970, takwimu za serikali zilionyesha kwamba takriban asilimia 67 ya watu wazima Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Yakaanza madarasa ya kisomo, chini ya miembe, kwenye vyumba vya shule baada ya watoto kuondoka, hata kwenye viwanja vya wazi. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: vikundi vya kijijini vinakusanyika, redio inawashwa, kijitabu kinafunguliwa, anayejua kusoma anawasomea wenzake, kisha wanajadili na kwenda kuchimba choo. Walioshiriki walifika kama milioni 2. Kufikia mwaka 1986, takwimu hizo za serikali zilionyesha wasiojua kusoma wameshuka chini ya asilimia 10. Wakulima waliotoka shambani jioni, wamechoka, wakakaa kujifunza herufi moja moja, leo tunawaambia kwamba wao na wajukuu wao hawapendi kusoma!

Hamu ipo. Kinachokosekana ni kitabu chenyewe. Riwaya moja dukani inaweza kula pesa ya unga wa wiki nzima, na mzazi mwenye akili timamu atanunua unga. Ndiyo maana maktaba ya umma ni muhimu kuliko hotuba zote za kuhimiza usomaji. Kenya waliliona hili mapema: mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ilianza kupeleka vitabu kwa wafugaji wa kaskazini mashariki, upande wa Garissa, kwa kutumia ngamia. Ngamia mmoja masanduku ya vitabu, mwingine hema la kusomea. Msafara ukifika, mikeka inatandikwa na watoto wanakaa kuchagua. Kitabu kilipofika, wasomaji walikuwepo.

"Maktaba ni ya wanafunzi wenye mitihani"

Nakubali, ukiingia karibu na mitihani ya kidato cha nne utaona sare za shule kila meza. Wengi wao nyumbani hawana meza wala utulivu, kwa hiyo wana haki ya kuwa pale. Lakini kaa hadi saa nne asubuhi utazame upande wa magazeti. Yupo mzee mstaafu anayeanza na kurasa za michezo. Yupo fundi anayetafuta kitabu cha umeme wa nyumbani. Yupo dereva wa bodaboda aliyeacha kofia yake ngumu mapokezi, anasoma riwaya ya kipelelezi huku akitazama saa.

Huduma ya maktaba Tanganyika iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963 kwa ajili ya umma wote, na Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kumbukumbu ya Uhuru. Aliyeifungua alikuwa ameshatafsiri tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, kwa Kiswahili, ikachapwa mwaka 1963, naye akiwa na nchi changa mabegani. Mtu wa namna hiyo hakuona fasihi kuwa kitu cha kufaulia mtihani tu.

Wengi huingia mara moja, wakapotea kati ya rafu, wakatoka wakidhani hakuna chao. Basi shika namba hii: 896.392. Katika mpangilio wa Dewey, yaani utaratibu wa kupanga vitabu kwa namba unaotumiwa na maktaba nyingi duniani, fasihi imewekwa kwenye 800, na fasihi ya Kiswahili ina namba yake hiyo. Itafute kwenye vibandiko vilivyo mgongoni mwa vitabu. Usipoiona, muulize mkutubi. Sijawahi kukutana na mkutubi aliyekasirika kwa kuulizwa kilipo kitabu; wengi huinuka na kukupeleka mpaka kwenye rafu.

"Maktaba ni mambo ya Wazungu"

Kauli hii ina jeraha la kweli ndani yake. Maktaba ya McMillan, Nairobi, yenye nguzo zake kubwa na sanamu za simba mlangoni, ilifunguliwa mwaka 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kama msomaji hadi mwaka 1958. Bibi au babu aliyepita nje ya mlango ule miaka yote hiyo alikuwa na sababu ya kusema si pake.

Ila mlango ukishafunguliwa, tukiendelea kusema si petu tunamalizia kazi ya waliotufungia. Hata kabla mlango ule haujafunguliwa, mbali na jengo lile la fahari, watu wa Kaloleni, mtaa wa humo humo Nairobi, hawakuhitaji ruhusa ya mtu kupenda hadithi. Leo Wakenya wenyewe, kupitia taasisi ya Book Bunk iliyoanzishwa mwaka 2017 na wanawake wawili wapenda vitabu, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, wamekuwa wakizifufua maktaba za Kaloleni na Makadara, na kuishughulikia McMillan yenyewe.

"Simu imeshaimaliza maktaba"

Simu inahitaji bando na chaji. Kitabu cha kuazima kinahitaji mwanga wa dirishani. Vyote viwili vina nafasi, na mtoto anayesoma simu anaweza kusoma kitabu pia.

"Maktaba ni kimya, na kusoma ni kwa mpweke"

Kwenye chumba cha watu wazima, ndiyo, tunaheshimiana kwa ukimya. Nenda sehemu ya watoto. Nimemwona binti wa darasa la tatu hivi akimsomea mdogo wake asiyejua herufi, kidole chake kikipita chini ya mstari, na kila mnyama alipozungumza aligeuza sauti. Watoto wengine watatu waliacha vitabu vyao wakasogea kumsikiliza. Hakuna aliyewaita.

Hata kitabu unachokisoma peke yako umekipokea kwa watu. Mwezi huu nimeazima mkusanyiko wa hadithi fupi ambao jalada lake limeshonwa upya kwa uzi. Nyuma kuna karatasi ya tarehe, imejaa mihuri: 1984, 1985, mara tatu mwaka 1991, kisha ukimya mrefu hadi 2006, kisha wangu. Mmoja wa walioniazimia kabla yangu alipigia mstari sentensi moja kwa penseli, taratibu, kama anayeomba radhi. Sitakiwi kusifu kuchora vitabu vya umma. Lakini sentensi ile hata mimi ningetamani kuipigia mstari.

Jioni namsomea mama barazani, macho yake yamechoka. Jirani akipita na ndoo yake huiweka chini, "Hebu rudia hapo." Mama hurudishwa nyuma kurasa mbili na halalamiki. Kitabu kinatakiwa kurudi Jumanne. Tumebakiza hadithi tatu, na jirani ameshasema Jumatatu tusianze bila yeye.