Jinsi Wagombea wa Kongresi Wanavyoshindana Jimboni Maine, na Uzito wa Chaguo la Pili la Mpiga Kura

Kila baada ya miaka 2, siku ya Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya mwezi Novemba, wapiga kura wa jimbo la Maine, lililo kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani, huchagua watu 2 wa kuwawakilisha katika Baraza la Wawakilishi la Kongresi, baraza lenye viti 435 ambavyo majimbo yote 50 hugawana kwa kufuata idadi ya watu. Maine ni jimbo la watu wachache, kwani sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 1,362,359 tu, lakini ndilo jimbo la kwanza nchini humo kumpata mbunge wa Kongresi kwa mfumo unaomruhusu mpiga kura kuwapanga wagombea kuanzia anayempenda zaidi hadi anayempenda kidogo. Katika miji ya Portland na Lewiston wanaishi maelfu ya watu waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda, wengi wao wakiwa wasemaji wa Kiswahili, na kila mwaka baadhi yao wanaapishwa kuwa raia na kukabidhiwa karatasi ya kura ambayo haifanani na ile waliyoizoea walikotoka. Makala hii imeandikwa kwa ajili yao kwanza, kisha kwa yeyote anayefuatilia siasa za Marekani na kushangaa kwamba mgombea aliyeongoza usiku wa matokeo anaweza kuamka wiki iliyofuata akiwa ameshindwa.

Tuanze na anayeruhusiwa kugombea. Katiba ya Marekani inataka mgombea wa Baraza la Wawakilishi awe ametimiza umri wa miaka 25, awe raia kwa angalau miaka 7, na awe mkazi wa jimbo analotaka kuliwakilisha wakati anapochaguliwa. Kwa Seneti, ambako kila jimbo lina viti 2 na muhula ni wa miaka 6, umri ni miaka 30 na uraia ni wa miaka 9. Sharti la kuzaliwa raia linamhusu rais na makamu wake, halimhusu mbunge wala seneta, jambo ambalo wahamiaji wengi hawalijui mpaka waambiwe. Ilhan Omar, aliyezaliwa Somalia na kukaa miaka kadhaa katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya kabla ya familia yake kuhamia Marekani, alipata uraia mwaka 2000 na mwaka 2018 akachaguliwa kuingia Kongresi kutoka jimbo la Minnesota.

Maine imegawanyika katika maeneo bunge 2. La Kwanza linachukua pwani ya kusini pamoja na jiji la Portland. La Pili linachukua sehemu kubwa ya ardhi iliyobaki, yaani misitu, mashamba ya viazi ya kaskazini na miji ya viwanda vya zamani kama Lewiston, na ni kubwa kwa eneo kuliko jimbo zima la New Hampshire linalopakana nalo. Mipaka huchorwa upya baada ya kila sensa ili idadi ya watu ilingane pande zote mbili, na ramani ya mwaka 2021 iliuhamisha mji mkuu wa jimbo, Augusta, kutoka eneo la Kwanza kwenda la Pili. Kisiasa maeneo haya mawili ni tofauti sana. La Kwanza huelemea chama cha Democratic bila shida, ilhali la Pili ni uwanja wa ushindani wa kweli, na kwa sababu hiyo fedha, matangazo na wanasiasa mashuhuri humiminika huko kila uchaguzi unapokaribia.

Msomaji wa Afrika Mashariki atatafuta tume ya uchaguzi na hataiona, kwa maana Marekani haina tume moja ya taifa inayosimamia upigaji kura. Kila jimbo linaendesha uchaguzi wake, hata ule wa kuwapeleka watu Washington, na tume iliyopo ngazi ya taifa hushughulika na fedha za kampeni tu: nani alichanga, kiasi gani, na zilitumikaje. Huko Maine msimamizi mkuu ni Katibu wa Jimbo, ambaye huchaguliwa na Bunge la jimbo, huku makarani wa miji na vijiji wakifanya kazi ya kila siku ya kuandikisha wapiga kura na kuhesabu kura.

Mgombea anayetaka kupeperusha bendera ya chama chake katika eneo bunge lolote kati ya hayo mawili hukusanya saini zisizopungua 1,000 za wanachama wenzake walioandikishwa kupiga kura, kisha karani wa kila mji huzikagua moja baada ya nyingine kabla hazijapelekwa Augusta. Asiye na chama anahitaji mara mbili ya idadi hiyo, yaani 2,000, lakini anaweza kutiwa saini na mpiga kura yeyote wa eneo lake. Wenye vyama hupambana kwanza katika mchujo wa Juni, na mchujo huo haufanywi na wajumbe wachache ukumbini. Hupigiwa kura na wapiga kura wa kawaida vituoni, na tangu mwaka 2024 hata asiye mwanachama wa chama chochote anaweza kuchagua mchujo wa chama kimoja akashiriki. Wagombea wasio na chama si wasindikizaji katika jimbo hili. Angus King alikuwa gavana asiye na chama kwa mihula miwili tangu mwaka 1995, na tangu mwaka 2013 ni seneta asiye na chama.

Mapokeo hayo ndiyo yaliyozaa tatizo ambalo mfumo wa kupanga wagombea ulikusudiwa kulitatua. Wagombea wakiwa watatu au wanne wenye nguvu, kura hugawanyika, na mtu anaweza kushika ofisi ilhali wengi walimkataa. Mwaka 2010 Paul LePage wa chama cha Republican alichaguliwa gavana kwa takriban asilimia 38 ya kura, akimpita kidogo mgombea asiye na chama, Eliot Cutler. Hoja kwamba sheria inapaswa kubadilika ilipata nguvu, na Novemba 2016 wananchi wakaipitisha kwa kura ya maoni. Haikupita salama. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Juu ya jimbo ilitoa maoni kwamba Katiba ya Maine inampa ushindi gavana au mbunge wa jimbo anayepata kura nyingi kuliko wenzake, hata zisipofika nusu, hivyo mfumo mpya haukubaliani na Katiba katika uchaguzi mkuu wa nafasi hizo. Bunge la jimbo likataka kuusimamisha wote. Wananchi wakakusanya saini tena na kuuokoa kwa kura ya Juni 2018. Kilichobaki ni hali ambayo mpiga kura lazima aielewe vizuri: siku ileile ya Novemba, mbunge wa Kongresi na seneta wa Marekani huchaguliwa kwa kupanga wagombea, ila gavana na wabunge wa jimbo huchaguliwa kwa alama moja tu kama zamani.

Karatasi yenyewe ina majina ya wagombea yakishuka kwa mistari, na kwa juu kuna safu zenye vichwa vya chaguo la kwanza, la pili, la tatu na kuendelea, huku kila jina likiwa na duara dogo la yai chini ya kila safu. Mpiga kura hujaza duara la safu ya kwanza mbele ya jina la anayempenda kuliko wote, kisha duara la safu ya pili mbele ya jina la yule ambaye angemkubali kama wa kwanza hayumo, na kuendelea hivyo hadi atakapotosheka. Halazimiki kupanga wote. Akijaza maduara mawili ndani ya safu moja, yaani akiwapa watu wawili nafasi ileile, kura yake inaishia hapo kwa kinyang'anyiro hicho. Akiruka safu moja kwa bahati mbaya, chaguo linalofuata bado linahesabiwa, ila akiruka safu mbili mfululizo kura yake husimama. Wapo wanaojaza jina moja katika safu zote wakidhani wanamwongezea mgombea wao kura. Hawamwongezei chochote, kwa kuwa kura huhesabiwa mara moja tu, na mgombea huyo akiondolewa hakuna jina jingine la kuihamishia.

Mgombea akipita nusu ya machaguo ya kwanza, kazi imeisha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 2020, Seneta Susan Collins wa Republican alipomshinda Sara Gideon wa Democratic kwa takriban asilimia 51, na machaguo ya pili hayakuguswa. Nusu isipopatikana, wa mwisho huondolewa na kila kura yake huhamia kwa jina linalofuata kwenye karatasi hiyohiyo, hadi wabaki wawili.

Novemba 6, 2018, katika eneo bunge la Pili, Bruce Poliquin wa Republican alikuwa anatetea kiti alichokuwa nacho kwa mihula miwili. Aliyempinga kwa tiketi ya Democratic alikuwa Jared Golden, mwanajeshi wa zamani na kiongozi katika Bunge la jimbo, na wasio na chama walikuwa Tiffany Bond na Will Hoar. Machaguo ya kwanza yalipojumlishwa, Poliquin alikuwa na kura 134,184, Golden 132,013, Bond 16,552 na Hoar 6,875. Kwa mfumo wa zamani, Poliquin angerudi Washington akiwa na asilimia 46, na wananchi 23,427 waliowachagua Bond na Hoar wangehesabiwa kuwa waliotupa kura zao.

Karatasi zilisafirishwa hadi Augusta chini ya ulinzi, na baada ya siku kadhaa za kazi, tarehe 15 Novemba matokeo ya mwisho yakatangazwa. Kati ya kura hizo 23,427, kura 10,427 zilikuwa zimempanga Golden mbele ya Poliquin, na 4,747 zilimpanga Poliquin mbele ya Golden. Hesabu ikawa Golden 142,440 na Poliquin 138,931. Tofauti yao ilikuwa kura 3,509. Na zilizobaki, kura 8,253, hazikuwa na jina lolote kati ya hayo mawili, kwa hiyo hazikumfikia yeyote.

Ningeomba kila anayetoa elimu ya mpiga kura azishike namba hizo mbili za mwisho na kuziweka pamoja. Kura zilizonyamaza zilikuwa zaidi ya mara mbili ya tofauti iliyoamua nani awe mbunge. Baadhi ya wenyewe walikusudia, na ni haki yao kusema kwamba hawamtaki yeyote kati ya wawili hao. Lakini wapo ambao hawakuelewa safu ya pili ni ya nini, na ni wajibu wetu sisi wa taasisi za elimu kuhakikisha kwamba anayeiacha wazi anaiacha kwa kujua. Naamini mfumo huu ni wa haki kuliko ule uliotangulia, kwa sababu unampa mtu uhuru wa kumchagua mgombea mdogo bila kuogopa kumfungulia mlango yule asiyemtaka kabisa, na unamlazimisha mgombea mkubwa kuwaheshimu wafuasi wa wadogo. Golden na Bond walitangaza wakati wa kampeni kwamba wangeutumia mfumo huo kwa kupanga machaguo yao. Poliquin alisema hatampanga mtu wa pili. Pamoja na hayo, haki hiyo ina gharama ya kujifunza, na gharama hiyo humwelemea zaidi raia mpya anayesoma karatasi kwa lugha yake ya tatu au ya nne.

Poliquin alikwenda mahakama ya shirikisho akidai kwamba Katiba ya Marekani inamtaka mwenye kura nyingi za awali atangazwe mshindi. Tarehe 13 Desemba Jaji Lance Walker aliyakataa madai hayo, akieleza kwamba Katiba haikuyafunga majimbo kwenye njia moja ya kumpata mshindi. Ombi la kuhesabu upya liliondolewa siku iliyofuata. LePage, aliyekuwa katika siku zake za mwisho za ugavana, aliidhinisha matokeo kwa saini yake na kuandika kando ya saini hiyo kuwa uchaguzi umeibwa. Hati ilikuwa halali hata hivyo, na Golden aliapishwa Januari 2019. Mwaka 2022 walikutana tena, safari hii Golden akiongoza tangu mwanzo, na baada ya kura za Bond kuhamishwa alishinda kwa takriban asilimia 53.

Kwa raia anayejiandaa kupiga kura jimboni humo, sheria ni laini kuliko za majimbo mengi. Anaweza kujiandikisha siku yenyewe ya uchaguzi akiwa na uthibitisho wa makazi, na anaweza kuomba karatasi mapema akaijaza nyumbani, ambako ana nafasi ya kuisoma taratibu na kuuliza. Akiharibu karatasi kituoni, asiitumbukize kwa aibu. Amrudishie msimamizi na apewe nyingine.

Asiye raia hana ruhusa ya kujiandikisha kwa uchaguzi wa Kongresi, hata akiwa na kibali cha ukaazi wa kudumu, hata akiwa analipa kodi, na hata kama mtu wa kampeni au karani amemwekea fomu mbele yake kwa nia njema. Kutia saini kwamba wewe ni raia ilhali si raia ni kosa la jinai, na kunaweza kuharibu kabisa ombi la hifadhi au la uraia. Mchango wa fedha nao unaruhusiwa kwa raia na kwa wenye ukaazi wa kudumu pekee. Anayesubiri hifadhi asitoe hata dola moja kwa mgombea. Anachoweza kufanya ni kujitolea bila malipo, kuhudhuria mikutano, kumwuliza mgombea msimamo wake kuhusu vibali vya kazi na muda wa kusubiri hifadhi, na kumsaidia jirani yake aliye raia kuielewa karatasi ya mfano ambayo ofisi ya Katibu wa Jimbo huitoa kabla ya siku ya kura.