2147483647: namba tasa iliyothibitishwa kwa kalamu

Kati ya namba tasa kubwa, ninayoipenda kuliko zote ni 2147483647. Ukiitazama ilivyoandikwa hapa haivutii. Iandike kwa kizio cha pili na utaona tarakimu 1 mara 31 mfululizo, bila sifuri hata moja, kwa sababu ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Namba za umbo hili huitwa namba za Mersenne. Kipeo kikigawanyika, namba nayo hugawanyika. Kipeo tasa pia hakitoi hakikisho: 2 kwa kipeo cha 11 toa 1 ni 2047, yaani 23 × 89.

Basi tunajuaje kuwa hii ni tasa? Njia ya kawaida ni kuigawa kwa kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili, ambacho hakifiki 46341. Hizo ni zaidi ya 4,700. Mwaka 1772 mwanahisabati Leonhard Euler, macho yake yakiwa karibu yamezimika kabisa, alionyesha kuwa nyingi mno kati ya hizo hazina haja ya kuguswa.

Tuseme namba tasa q inaigawa namba yetu bila baki. Basi 2 kwa kipeo cha 31, ikigawanywa kwa q, inabakiza 1. Mabaki ya vipeo vya 2 yatajirudia kila baada ya hatua 31, wala si mapema zaidi, maana 31 yenyewe ni tasa. Mwanahisabati Fermat naye alituachia kanuni kwamba mabaki hayohayo hurudi kwenye 1 baada ya hatua q − 1. Kwa hiyo 31 lazima iigawe q − 1, na kwa kuwa q ni witiri, hata 62 inaigawa. Kisha linakuja wazo ninaloliona zuri zaidi: 2 kwa kipeo cha 32, ambayo ni mraba wa 2 kwa kipeo cha 16, inabakiza 2 ikigawanywa kwa q, kwa hiyo mbele ya q, 2 ina tabia ya namba mraba. Hilo hutokea tu pale q inapogawanywa kwa 8 na kubakiza 1 au 7. Unganisha masharti hayo: q ikigawanywa kwa 248 lazima ibakize 1 au 63.

Chukua karatasi uone. 63 si tasa. 249 ni 3 × 83. 311 ni tasa, igawie: baki 35. Zinazofuata, 497, 559, 745, 807, 993, 1055 na 1241, zote si tasa, hivyo unaruka moja kwa moja hadi 1303! Hadi mwisho wa safari namba zenye sifa hiyo ni 373 tu, nyingi zikiwa si tasa, na hakuna hata moja inayoigawa.

Utasa huu una kazi. Anza na namba yoyote kuanzia 1 hadi 2147483646, zidisha kwa 16807, gawa kwa 2147483647, shika baki, rudia. Utapita kwenye namba zote 2147483646, kila moja mara moja, kabla ya kurudi ulipoanzia. Ndiyo maana wanaoandika programu za kuzalisha namba za nasibu wameitumia kwa miaka mingi.