Mchicha wa nazi na kifua chako

Mwenye pumu akija kwangu hapa Amu, hasa mama anayepikia kuni, swali huwa lile lile: "Daktari, nile nini kifua kifunguke?" (Mimi ni mtu wa lishe, si daktari, ila nishachoka kusahihisha.) Hakuna mboga inayofungua kifua. Hiyo ni kazi ya pampu ya dawa ya kuvuta. Kazi ya mboga ni ya polepole: kuulinda utando wa njia za hewa.

Utando huo una ute, na vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyopiga kasia kutwa kucha, vikisukuma vumbi na masizi kuelekea kooni uyateme. Vitamini A ndiyo inayouweka sawa. Ikipungua mwilini, utando hukakamaa, vinyweleo hupotea, na maradhi hupata njia. Mchicha, kisamvu, majani ya kunde na mlonge vina betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini hiyo.

Lakini betakarotini haifyonzwi vizuri bila mafuta. Kwa hivyo mchicha wa nazi wa nyanya zetu wazee unaushinda mbali ule mkavu wa wanaojipunguza mwili. Upike kwa tui jepesi, maji kidogo, kasimile (tui zito) uitie mwisho ukikoroga isikatike. Na tafadhali, yale maji ya kijani usiyamwage! Vitamini C nyingi huishia humo.

Jamaa ya kabeji ina lake. Brokoli, na kabeji kwa kiasi kidogo, hutoa salfurafani, kemikali inayousaidia mwili kutoa sumu, jani linapokatwa, basi kata kwanza, liache kitambo, ndipo ubandike. Huko Qidong, China, watu walipewa kinywaji cha machipukizi ya brokoli kwa wiki 12. Matokeo yalichapishwa 2014, na mikojo yao ilionyesha miili ikitoa benzini, sumu ya hewa chafu, kwa asilimia 61 zaidi. Kinywaji kile kilikuwa kikali kuliko sahani yako ya kabeji, lakini njia ni hiyo hiyo.

Mvuta sigara asikimbilie vidonge. Utafiti wa Ufini wa 1994, wa wanaume wavutaji zaidi ya 29,000, ulikuta waliomeza betakarotini ya vidonge wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Majani ya sokoni hayana shida hiyo.

Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda asiongeze majani ghafla bila kumwambia daktari wake, maana yana vitamini K nyingi, ambayo husaidia damu kuganda na hivyo hupingana na dawa hiyo.